Safu Mbili za Mwisho

Fundo halikukaza. Mpanga viti alilifungua, akalowesha vidole kwa mate, akaanza upya: mguu wa kiti hiki na mguu wa jirani yake, kamba izunguke mara mbili, ivutwe, ifungwe kwa chini ambako mkono wa mtu aliyeketi haufiki. Kisha akakishika kiti kimoja na kukitikisa. Safu nzima ikatikisika nacho, kama ng'ombe wa nira moja.

Alikuwa akipanga viti katika ukumbi huo tangu kuta zingali zinanuka rangi. Mikutano, harusi, maonyesho, mashindano ya ndondi, yote yalikuja yakapita, naye hakuwa na haja ya kusoma tangazo la mlangoni. Viti vilimweleza. Vikizunguka meza, watu watakula. Vikitazamana, watu watabishana na mwishowe watapeana mikono. Vikisogezwa ukutani, vijana watacheza.

Viti vya kufungwa vilikuwa na historia yake. Mwaka juzi watu wa kiwanda cha viatu waliitwa humu kuambiwa kwamba kiwanda kinafungwa, na kiti kimoja kiliruka hadi jukwaani. Baada yao wakaitwa watu wa kampuni ya mabasi, kwa habari ileile. Safari hiyo viti vilifungwa na hakikuruka kitu. Watu walilia wakiwa wameketi.

Maagizo ya leo aliyaleta msimamizi, ambaye kila mtu alimwita Rula kwa sababu ya rula ya mbao aliyoichomeka mfuko wa nyuma, ya kupimia njia kati ya safu. Meza zisiwepo, ila moja ya jukwaani. Glasi zisiwepo, vikombe viwe vya karatasi. Mlango mdogo nyuma ya jukwaa uachwe wazi. Mpanga viti aliuliza mkutano ni wa nani. Rula alitazama dari kwanza.

"Kiwanda cha kamba," alisema. "Na kamba wametuletea wenyewe, gunia zima."

Kiwanda cha kamba ndiko alikofanya kazi mke wa mpanga viti.

Nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine siku hizo. Wafanyakazi walikuwa wametangaziwa sherehe: kiwanda kimetimiza miaka mingi, wote waje ukumbini wamependeza. Mkewe ndiye aliyeongoza kwaya ya kinamama wa mashineni. Walishona sare za buluu. Kila jioni aliimba akikoroga chungu, mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwenye sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, akaishika sauti ya pili na kuanza kumjibu. Walicheka sana. Mkewe alisema mtu huyo naye ashonewe gauni.

Mpanga viti alimwambia Rula kwamba huenda maagizo yamekosewa, na Rula akakubali kwamba huenda. Baadaye, akiwa naye amepiga magoti na robota lake la kamba, akaongeza, "Sisi ni watu wa viti, ndugu yangu. Wanaovikalia hatuwachagui." Hakusema kwa ubaya.

Basi mpanga viti akaendelea kufunga, huku akipanga maneno. Atamwambia mkewe usiku, wakishakula. Au asimwambie, maana mtu anaweza kusoma viti vibaya. Alikuwa bado anachagua aliposikia mlango mkubwa ukisukumwa.

Mkewe aliingia na sare begani, zimening'inia kwenye vitundikio vyake.

"Shemeji Rula, bado unapima tu? Ipo siku utampima mkeo."

Rula alicheka kidogo, akamkaribisha, kisha akakumbuka kazi ya nje na kutoka. Mke akaeleza kwamba nyumbani sare zingejikunja, kwa hiyo amezileta zilale huku. Alitaka pia kuona kwaya itasimama wapi. Jukwaani palikuwa na meza moja, viti viwili na kipaza sauti.

"Sijaambiwa," mumewe alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Mke alizilaza sare, akavuta kiti aketi. Kiti hakikuja. Akavuta tena, na safu nzima ikaguna. Akainama. Vidole vyake viliifikia kamba kabla ya macho, na uso ukamchangamka.

"Hii yetu. Ona msokoto wake. Imetoka kwenye mashine yangu, ile inayokaza upande mmoja."

Aliisugua kwa kidole gumba, kama mtu anayemshika mtoto shavu. Kisha kidole kikatulia.

Akavitazama vikombe vya karatasi. Akautazama mlango mdogo. Nje ya mlango huo gari lilikuwa likirudi nyuma kujaribu nafasi, na sauti ya Rula ikiliongoza: njoo, njoo, bado, njoo.

"Baba watoto."

"Naam."

"Wale wa mabasi mliwafungia viti?"

"Tuliwafungia."

Injini ikazimwa. Mume akaanza kusema kwamba alikusudia kumwambia nyumbani, na kwamba labda amekosea. Mke aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama. Alisema wenzake saa hii wanapiga pasi vitambaa vya kichwa. Kisha akauliza zimebaki safu ngapi.

"Mbili. Zile za mwisho."

Mke akazichukua sare akaenda nazo huko nyuma. Alizivisha viti moja moja, kila kiti na gauni lake, akanyoosha kola, akafunga vifungo mpaka cha juu. Hakuharakisha. Mumewe alisimama na robota mkononi. Ili afunge mguu hata mmoja, ingembidi kwanza akivue kiti gauni.

Rula aliporudi alisimama njiani akazitazama zile safu za buluu. Alichomoa rula yake, akairudisha mfukoni.

"Hizo tutamalizia kesho asubuhi," alisema, bila kumwelekea mtu.

Mpanga viti aliliweka robota sakafuni, ncha ya kamba ikiwa wazi, akaenda kwenye swichi. Alianza kuzima taa za jukwaani, kisha za katikati. Mkewe alikwisha tangulia mlangoni. Zikabaki za nyuma. Upepo uliingia kwa mlango mdogo, ukapita chini ya safu zilizofungwa, ukazifikia zile mbili, ukainua pindo za magauni.