Lehemu Kumi na Moja

Wema hauozi, ndivyo tulivyofundishwa. Wa fundi simu ulioza ndani ya miezi mitatu, na harufu yake aliisikia yeye peke yake.

Ulianza kama mchezo. Mteja mmoja alimwachia kibandani gari la rimoti, yale ya umeme yenye magurudumu makubwa kuliko bodi lenyewe. Mota ilikuwa imeungua na gia zimesagika meno. Mteja akaingia mitini. Fundi simu alijikwaa kwenye lile gari wiki tatu nzima, mwisho akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nalo nyumbani na kumwekea baba mkwe wake mapajani.

"Baba, nimekuletea mgonjwa," alisema.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi ya umeme miaka arobaini. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipata taa kwa mkono wake. Kisha mkono huo wa kulia ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, baadaye hata kikombe kikawa hakitulii. Akaacha kazi, akahamia kwa binti yake, na kwa miezi saba alikaa dirishani akitazama nyaya za nguzoni kama mtu anayetazama nyumba aliyoiuza.

Gari lile lilimtoa dirishani. Alilifungua mpaka skrubu ya mwisho, akapanga vipande kwenye trei ya chai kwa mpangilio alioujua mwenyewe, na ole wake aliyetaka trei kwa ajili ya chai. Siku ya tatu akalehemu plagi ya betri. Fundi simu akainama kuitazama kazi ile. Ilikuwa donge la kijivu lisilo na mng'ao, limekaa juu ya waya bila kuushika. Lehemu ya namna hiyo hupitisha umeme kwa kubahatisha. Ukiidai nguvu inapata moto, na ikipata moto inaachia.

Angesema palepale, mambo yangeishia palepale. Lakini mke wake alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mzee ahamie alikuwa akimtania baba yake.

"Baba, umejipaka masizi mpaka puani. Nani atakufulia hilo shati?"

"Nitalifua kwa rimoti," mzee akajibu, na wote wawili wakacheka.

Fundi simu akanyamaza. Mzee alipokwenda kuoga, alikishika chuma cha kulehemu kikiwa bado cha moto, akaiyeyusha lehemu ya mzee na kuweka yake. Ilimchukua dakika mbili. Kesho yake gari liliruka ngazi za baraza, likavuka ua na kugonga ndoo ya maji. Mzee aliugeuza mkono wake juu chini, akautazama kama ndiyo kwanza anakutana nao.

"Kumbe haujafa," alisema.

Baada ya hapo hapakuwa na pa kurudi. Mzee alitaka kasi. Ikanunuliwa mota mpya isiyo na brashi, yenye nyaya tatu nene. Zikaja gia za chuma badala ya za plastiki, zikaja springi ndefu za mafuta ili gari likiruka lisitue kwa tumbo. Akili ya mzee ilikuwa kamili, na hilo ndilo lililomtesa mkwewe. Kupanga nafasi ya gia alikujua: alikata kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya gia ndogo na kubwa, akazibana, kisha akakitoa kikiwa kimekunjamana bila kuchanika. Ni vidole tu vilivyomgomea. Kila alipomaliza kulehemu alikwenda kuoga, na kila alipokwenda kuoga fundi simu alifuta na kuweka upya. Wapo wanaoiba mali za wakwe zao. Huyu aliiba makosa ya mkwe wake, na mpaka mwezi wa tatu alikuwa ameiba kumi na moja.

Jioni mzee alilipeleka gari kwenye uwanja wa nyuma, likapanda marundo ya mchanga na kupiga pindu. Mtaa ukamwita Dereva. "Ng'ombe hazeeki maini," kinyozi alikuwa akisema kila mzee akipita, na mzee aliitikia kwa kuinua mkono uleule unaotetemeka.

Basi Jumamosi moja, wakiwa mezani, mzee akaweka kijiko chini.

"Jirani yetu mshonaji ameongeza chumba cha vyerehani," alisema. "Anataka soketi sita na taa mbili. Nimemwambia nitamfungia mwenyewe."

Binti yake akapiga makofi. Fundi simu akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Baba, unadhani mkono utakubali?" aliuliza akiwa ameinamia sahani.

"Mkono nimeshaupima." Mzee alionyesha kwa kidevu gari lililokuwa juu ya kabati. "Lile ni mtihani mgumu kuliko soketi. Miezi mitatu linaruka na kuanguka, na hakuna lehemu yangu hata moja iliyoachia. Au ipo?"

"Hakuna, baba," alisema fundi simu. Na kweli hakuna lehemu ya mzee iliyoachia, kwa kuwa hakuna lehemu ya mzee iliyobaki.

Jikoni alijaribu kumwambia mke wake. Alifika mpaka "Unajua lile gari," na mke wake akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Umenirudishia baba yangu," alisema. "Sikuwa nimekushukuru." Nafsi ilimsuta mume yule mpaka masikio yakapata moto. Alimwambia asante si lazima, akashika kitambaa na kuanza kufuta vyombo vilivyokwisha kukauka.

Kwa siku tatu alijitolea kwenda kusaidia. Siku tatu zote mzee alimfukuza kwa upole. "Kaa na simu zako, mwanangu. Ukija wewe watasema kazi umefanya wewe." Siku ya nne taa za chumba cha mshonaji zikawaka, na mshonaji akapita nyumba hadi nyumba akimsifia Dereva.

Fundi simu alichukua suruali isiyo na kasoro yoyote, akaenda nayo kwa mshonaji kupunguzwa urefu. Ndani vyerehani vitatu vilikuwa vinaguruma, na msichana mmoja alikuwa anapiga pasi. Taa ya juu ilikonyeza mara moja, ikatulia.

"Inafanya hivyo tangu jana," mshonaji alisema akipima suruali. "Labda umeme wa mtaa. Mbona hii inakutosha?"

Fundi simu alikuwa ameweka kiganja kwenye soketi ya pasi, na plastiki ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Ndani yake kulikuwa na skrubu ambayo haikukazwa, na waya uliokuwa ukijiunguza taratibu kwenye chumba kilichojaa vitambaa na watu watano. Alichomoa pasi.

"Waya wa pasi yako una kasoro," alisema. "Msiitumie mpaka nirudi."

Hata pasi ya watu akaisingizia. Njiani alijitukana kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyebeba mkate akamkwepa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini yeye alikuwa ameficha maradhi ya mwingine, na watakaoungua ni wengine kabisa. Akapiga moyo konde. Akiingia tu, atasema.

Alipoingia, mzee alikuwa uani, chuma mkononi, anamalizia plagi mpya ya betri kubwa zaidi.

"Umefika wakati mzuri," mzee alisema. "Leo utaona mwendo. Ngoja nioge kwanza, tuende uwanjani."

"Baba," alisema fundi simu.

"Naam?"

"Maji yapo ya moto," alisema.

Mzee akaenda. Gari lilikuwa mezani limelala chali, na chuma cha kulehemu bado kilikuwa kinafuka moshi mwembamba. Lehemu mpya ilikuwa ya kijivu kama zote za mzee zilizotangulia. Fundi simu aliketi mbele yake. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea, na akaukalia. Ndiyo, mtu mzima alikalia mkono wake kama anayezuiwa kula sukari, mpaka aliposikia mlango wa bafu. Alijua anachofanya ni woga mwingine. Alikuwa analiacha gari limsemee.

Uwanjani gari liliondoka kwa mngurumo, likainua magurudumu ya mbele, likaenda hatua kumi na kuzimika. Harufu ya plastiki ikafika puani. Mzee alilifuata, akachuchumaa, akalipindua. Waya mmoja wa betri ulikuwa umeng'oka na donge lake.

"Haikushika," mzee alisema. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, na badala ya kuinuka akaanza kuzitazama lehemu nyingine, moja baada ya moja. Aliitazama ya mota, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Fundi wa miaka arobaini huujua mkono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Hakuwa amewahi kuzichunguza, kwa sababu nani huchunguza kazi iliyofanya kazi?

"Hizi zinang'aa," alisema. "Hizi ni za nani?"

"Zangu, baba."

"Zipi?"

"Zote. Kumi na moja. Ulipokuwa unakwenda kuoga."

Mzee hakuinua kichwa. Fundi simu alingoja matusi, aliyatamani hasa, yangekuwa nafuu.

"Kwa mshonaji nimefunga soketi sita," mzee alisema hatimaye.

"Ya pasi ina moto. Nimetoka huko sasa hivi."

Mzee aliinuka, akaliacha gari mchangani na rimoti juu yake, akaondoka kwa ndala, haraka kuliko fundi simu alivyowahi kumwona akitembea. Alipofika kwa mshonaji hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa, akaizima, na vyerehani vikanyamaza vyote kwa pamoja.

"Kazi yangu mbovu," alimwambia mshonaji mbele ya wasichana wake. "Ningewachoma moto. Mkwe wangu atairudia yote."

"Jamani, Dereva, si pasi tu yenye—"

"Pasi yako ni nzima."

Soketi sita zilifunguliwa. Nne zilikuwa na skrubu zilizolegea, na kwenye ile ya pasi ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia na kupasuka. Fundi simu alikaza, akakata, akaunga upya, na mzee alimmulikia kwa tochi. Mwanga ulicheza ukutani muda wote. Wakafika soketi ya sita.

"Ungeniambia ile ya kwanza," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ningehuzunika siku moja, mbili. Wewe umenivika kilemba cha ukoka, na mimi nikatoka nacho mtaani."

"Nisamehe, baba."

"Kaza hiyo skrubu."

Nyumbani mke wake hakugomba. Alisema tu, "Ulimfanya baba yangu mtoto, na mimi nikakushukuru," akahamishia mto wake upande wa ukuta. Lakini adhabu hasa ilikuja asubuhi zilizofuata. Mzee alianza kugeuka nyuma. Akiweka kikombe mezani, anageuka kuona kama kuna anayekisogeza. Akifunga mlango, anarudi kuujaribu. Siku moja alimuuliza binti yake, "Kitanda changu natandika mwenyewe, au mnakirudia nikitoka?" Binti akaapa kwamba hakigusi. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea noti asiyoiamini. Fundi simu alikuwa amesikia akiwa ukumbini, na siku hiyo aliharibu kioo cha simu ya mteja.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mzee alitokea kibandani akiwa amebeba gari kwapani. Aliliweka juu ya meza katikati ya simu zilizofunguliwa, akaomba chuma cha kulehemu, akavaa miwani. Waya ulikuwa bado umening'inia. Aliulehemu taratibu, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia kwenye kiwiko.

"Sema," alisema.

Fundi simu alitazama. "Mbaya, baba."

Mzee akaiyeyusha, akairudia. "Sema."

"Mbaya."

Ya tatu ilimchukua muda mrefu. Wateja wawili walisimama, wakachoka, wakaondoka. Alipokiondoa chuma, lehemu ilikuwa inang'aa upande mmoja, nzuri kabisa, na jasho lilikuwa limejaa juu ya mdomo wa mzee. Fundi simu aliinama, akaigeuza kwenye mwanga. Neno moja tu, na mzee angerudi nyumbani akipiga mluzi.

"Upande huu imeshika," alisema. "Huku haikushika. Nayo ni mbaya, baba."

Mzee aliuvuta waya, ukatoka. Alikaa akiutazama, kisha akavua miwani na kuikunja.

"Na shati?" aliuliza. "Leo nimefunga vifungo mwenyewe. Kuna mtu amevigusa?"

"Hakuna."

"Nimevifunga sawa?"

Fundi simu akamtazama kifuani. "Cha tatu umekiruka."

Mzee alishusha macho. Akafungua kifungo cha mwisho, akafungua kinachofuata, akapanda hadi cha tatu, na kuanza upya. Kifungo kilimponyoka mara nne. Fundi simu aliiweka mikono yake chini ya meza, akaibana katikati ya magoti, akangoja mpaka mzee alipomaliza cha mwisho.