Karatasi Iko Kitale

Uani kwa Ewoi, Kanamkemer, watu wote walikuwa wamenyamaza. Injini ya dizeli ilining'inia kwa kamba iliyopitishwa juu ya magogo matatu ya mkoma, na upande wa pili wa kamba alikuwa ngamia wa mama Nabei, ambaye husikiliza sauti moja tu duniani, ya mama huyo. Mtu akipiga soga, ngamia anageuka kutazama, kamba inalegea. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umefika, na mtaa mzima ulikuwa umemeza umbea wake.

"Twende, mzee," Nabei alimnong'oneza ngamia. "Rudi kidogo. Hapo hapo."

Injini ikashuka puani mwa vani kuukuu taratibu, kama mtoto anayelazwa. Soga zikafumuka.

Vani ilikuwa ya Ewoi. Injini ilikuwa ya Abuk, mama mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyeitoa kwenye pikapu iliyopinduka lagani, kwenye mto mkavu. Walikubaliana kuunganisha vyao na kubeba samaki wakavu pamoja. Kibali cha Abuk cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha jioni hiyo, saa kumi na mbili.

Ewoi alikaza bolti huku akili yake imeshavuka laga ya Kawalase, njiani kwenda Kakuma. Joto lilifanya ua uelee. Aliona barabara nyeupe, madirisha wazi, watoto wa Kakuma wakikimbilia vumbi lake.

Bahati mbaya, habari ya ngamia kuinua injini ilikuwa imefika stesheni ya polisi kabla ya chai ya saa nne. Koplo akaja na kalamu, akainama, akasoma namba.

"Hii namba haiko kwa logibuku, Ewoi."

"Tumebadilisha leo, afande."

"Basi peleka gari Kitale ikaguliwe, upewe karatasi."

"Nitapita aje? Kizuizi kiko hapa, kingine kiko Kainuk."

"Bila karatasi hupiti."

"Na karatasi iko Kitale."

"Sasa umeelewa," koplo akasema, akachomoa ufunguo wa vani na kuutia mfukoni. "Ikitoka kwa hii geti, nakufunga."

Akaondoka. Nabei akamtazama mpaka akatokomea. "Huyo hata ngamia wangu hawezi kumsikiliza," akasema, lakini watu hawakucheka sana.

Alasiri, bolti ya mwisho ilipokazwa, Ewoi aliingiza mkono chini ya usukani, akagusanisha nyaya mbili. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma vizuri kuliko alivyoota. Kuwasha hakukukatazwa; kutoka getini ndiko kulikokatazwa. Nabei akapanda nyuma, majirani wakamfuata, wakabanana mpaka mlango ukakataa kufungika. Abuk akakaa mbele, miguu juu ya furushi la samaki, kibali mkononi. Jua lilikuwa limeshainama.

"Tukifika Kakuma, Ewoi, uniamshe," Abuk akasema.

Vani ilitetemeka palepale ilipo. Ewoi alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Egemea vizuri, dada," akasema. "Kawalase iko na mawe."