Nyumba Iliyoshuka Mlima

Jumapili hiyo, matangazo yalipofikia zamu za jumuiya, Katibu alisimama, akaweka sawa kilemba chake, akasema Ijumaa watakutana kwa fundi saa. Zamu ilikuwa ya Soprano. Kila aliyekaa kwenye mabenchi alilijua hilo, maana zamu zilikwenda kwa mpangilio wa nyumba, kutoka kanisani hadi juu mlimani, na nyumba ya juu kabisa ilikuwa yake. Hakuna aliyeguna.

"Mlima ule, wapendwa," Katibu aliongeza, ingawa hakuulizwa. "Tuwahurumie wenye magoti."

"Amina," akasema mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Magoti, kwa sababu hakuwahi kuzungumza na mtu bila kuyataja.

Jumuiya ilikuwa na desturi moja isiyokwepeka. Watu wakishaimba na kusoma neno, mwenye nyumba huwamiminia chai kwenye vikombe vyake mwenyewe, nao huinywa mpaka tone la mwisho. Kuiacha chai ni kumwacha mwenye nyumba. Hapo ndipo palipokuwa na shughuli.

Soprano alikuwa msukaji wa viti, na ndiye aliyebeba sauti ya kwanza ya kwaya tangu enzi za kinanda cha kukanyaga. Siku moja alikohoa katikati ya wimbo. Akakohoa tena, akatoka nje ameziba mdomo kwa kanga. Alilazwa, akameza vidonge mpaka mkojo ukabadilika rangi, na mwishowe daktari akamwambia amepona kabisa, hawezi kumwambukiza hata kuku. Mchungaji alimshauri apumzike nyumbani mpaka waumini watakapomwita. Waumini nao walikuwa wanamsubiri Mchungaji amwite. Lakini lazima isemwe kwamba hawakumsahau: waliomba kwa ajili yake kila Jumapili, wengine kwa machozi.

Katibu alikuwa wifi yake. Mumewe Katibu, kaka yake Soprano, alipokuwa kitandani akiisha kidogo kidogo, Soprano ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko na kufua mashuka yake, siku ambazo Katibu alishindwa hata kuvuka kizingiti cha chumba. Katibu alilikumbuka jambo hili kila alipokoroga kitu. Na mwanamke anayeishi peke yake hukoroga vitu vingi.

Jumatatu nyumba ya Soprano ilikuwa imeshuka hadi penye tangi la maji.

Ilikuwa ile ile: bati la kutu, mlango wa buluu, viti vilivyosukwa nusu vimepangwa barazani, mashuka kwenye kamba. Haikuwa imevunja hata ua la mtu. Kule juu palibaki udongo mkavu wa pembe nne na kuku waliopotewa na dira. Mwenye tangi alilalamika kwamba mkokoteni wake haupiti, wakaelewana, nyumba ikasogea kidogo.

Zamu ilipozunguka tena, Katibu alisema mtaro pale kwenye tangi hauna daraja la maana, mtu anaweza kuvunjika mguu. Wiki hiyo nyumba ikavuka mtaro. Akasema upande huu kuna tope. Nyumba ikatafuta pakavu, ikakaa jirani na kinyozi, ambaye alifurahi, kwa sababu wateja wake walipata viti vya kungojea.

Asubuhi moja Katibu alipita hapo na kikapu chake. Soprano alikuwa dirishani, kamba za ukili mapajani.

"Wifi! Unanipita kama kituo cha polisi?"

"Nina haraka, wifi yangu. Hujambo? Naona nyumba inatembea."

"Inatembea. Mimi nilisema tu kwamba tusiwalaumu, mlima ni mrefu. Nadhani ilinisikia." Alivuta kamba, akaikaza kwa meno. "Mlango wangu mnaujua, lakini. Haujabadilika rangi."

"Tutakuja. Mungu akipenda."

"Mungu keshapenda, wifi. Nawangoja ninyi."

Katibu alicheka kwa nguvu kupita kiasi, akaenda zake. Alipofika sokoni alikuwa amesahau alichotaka kununua, akarudi na vitunguu ambavyo nyumbani vilikuwepo tele.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri juu ya kusimama imara. Alihubiri vizuri, hilo halina ubishi. Alisema imani si mwavuli, kila mtu na wake. Imani ni paa, na paa halikai juu ya nguzo moja. Aliposema hivyo, ukingo wa bati la Soprano uligusa ukuta wa kanisa upande wa kulia, na vumbi likadondoka kwenye mimbari. Mchungaji alilipangusa kwa leso, akaendelea na hoja yake ya tatu, iliyohusu upendo. Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti nyembamba na safi iliitikia amina, robo hatua mbele ya wengine, kama sauti ya kwanza inavyopaswa.

Wazee wakaitisha kikao. Nyumba ilikuwa imeziba mlango wa pembeni, wakakubaliana watu watumie wa mbele. Kisha Katibu, akiwa ameshika pindo la gauni lake, aliuliza kwa sauti ndogo kama pengine sasa ile zamu ingewezekana.

Mzee Magoti alijikuna kidevu. "Sasa kuna tatizo lingine, dada yangu. Yuko karibu mno. Kumtembelea mtu maana yake ni kwenda mahali. Pale mtu anakwenda wapi?"

Walilitafakari hilo, wakaona lina uzito.

Katibu hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka kanisa, akasimama mbele ya mlango wa buluu. Ndani alisikia vikombe vikipangwa mezani na Soprano akizungumza peke yake, kwa furaha ya mtu anayetarajia ugeni. "Hiki cha Mzee Magoti, bila sukari. Hiki cha Mchungaji. Hiki chenye ua, cha wifi." Katibu aliinua mkono kubisha. Alikiwaza kile kikombe chenye ua, ukingo wake, midomo iliyokwisha kupita pale. Akakiwaza pia kijiko cha uji. Mkono ulibaki hewani mpaka ukaanza kuuma. Ndipo alipojiambia kwamba huenda ameacha jiko linawaka.

Alitembea upesi, bila kutazama nyuma. Alipofika kwake, nyumba ya Soprano ilikuwa imeshatangulia. Ilisimama ubavuni mwa yake, ukuta kwa ukuta, na dirisha la sebule lilitazamana na dirisha, kiasi kwamba mtu angeweza kuombwa chumvi na kuipitisha bila kunyoosha mkono wote. Jiko lilikuwa limezimwa.

Nyumba haikusogea tena. Haikuwa na pengine pa kwenda.

Ijumaa jumuiya ikakutana kwa Katibu. Watu walipita mlango wa buluu, wakasema sebule imekuwa na kivuli kizuri siku hizi. Wakaimba, na ukuta ukaimba nao. Kila mtu alikiri kwamba wimbo haujapata kukaa sawa namna ile tangu Soprano augue. Mchungaji akawaombea wagonjwa, akamtaja na Soprano, popote alipo.

"Amina," likajibu dirisha.

Katibu akamimina chai. Mzee Magoti akanyoosha miguu, akauliza Ijumaa ijayo ni zamu ya nani, maana kwa mpangilio wa nyumba inayofuata ni hii ya jirani.

Katibu akafunika birika.

"Ya fundi saa," akasema Katibu.

Fundi saa alikubali kwa kichwa; alikwisha kuzoea. Upande wa pili vikombe vikaanza kurudishwa kabatini kimoja kimoja, taratibu, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuwasumbua majirani. Chenye ua hakikurudishwa. Kiliwekwa kwenye kizingiti cha dirisha, kinafuka moshi, kishikio chake kimeelekezwa upande wa Katibu.

Katibu akainuka, akavuta pazia, akawauliza wageni kama sukari inatosha.