Rangi Aliyoitaka Dada

Mpiga picha alikuwa na dada mmoja tu, mshonaji, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Ndiyo maana neno la dada lilimchoma. Alikuwa amempelekea picha ya familia aliyoipiga kwa kamera yake mpya ya dijitali. Dada aliisogeza karibu na uso, kisha akaiweka mezani.

"Nzuri, mdogo wangu. Ila imepauka. Zile ulizokuwa ukipiga kwa mkanda zilikuwa na rangi. Nyekundu ilikuwa nyekundu."

Kwa fundi, hayo ni matusi ya heshima. Alirudi studio, akatoa albamu ya zamani, akaiegemeza kando ya kompyuta. Akapunguza mwanga ili rangi zisififie, akaongeza umanjano kidogo, akakoleza nyekundu na kijani, akaacha vivuli viwe vizito. Siku ya tatu picha mpya na za zamani zilifanana kama mapacha. Akamchapishia.

"Bado," dada alisema.

Akakoleza tena. Bado. Mara ya nne hata yeye aliona nyuso zimeiva kupita kiasi, lakini dada akatabasamu. "Hapo sasa." Picha ikatundikwa juu ya cherehani, na mpiga picha akatembea kifua mbele.

Miezi ikapita. Binti wa dada alipokuja likizo, aliitazama akacheka.

"Mjomba, mbona umetupaka nyanya?"

"Si iko sawa?" mama yake akauliza.

Binti akaacha kucheka. Akachukua uzi wa bluu na uzi mweusi kwenye kikopo, akauliza upi ni upi. Mama yake akagusa ule mweusi, akasema ndio wa bluu.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha; la kulia wangelishikilia kwa matone. "Mngekuja miezi sita nyuma..." alisema, hakumalizia.

Miezi sita nyuma mpiga picha alikuwa anahangaika na rangi. Albamu ile ilikaa mezani kwake muda wote, na hakuwahi kumpa dada aishike. Angesema na hiyo imepauka, wangejua siku ile ile.

"Nisamehe, Dada. Nilidhani unaisema kazi yangu."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Siku hizi hupita kwake kila asubuhi kumtia dawa kabla ya kufungua studio. Dada ameacha kushona nguo za watu. Humuuliza kazi inaendaje, naye hujibu inaenda vizuri, na picha hawazizungumzii.