Kura ya Boksi la Barafu

Nyumba yangu haijui kufungwa. Nilisimama nyuma ya kaunta ya baa hapa Eveleth, mji wa machimbo ya chuma, mpaka magoti yakanisaliti, na nilipostaafu wateja wangu wakakataa kustaafu nami. Wakahamia jikoni kwangu. Jumapili wanakuja wa kanisani, msimu wa hoki anakuja kila mwenye koo la kuzomea, na Alhamisi, sahani za mchana zikishaondolewa, wanakuja watu wa karata.

Si karata za kamari. Ni za Ufalme wa Majivu, zenye majoka, wachawi, na wafu wasiotaka kulala. Kila mchezaji ana mnara wake wa vijiwe. Unajenga, unavizia, unabomoa wa jirani. Mgeni akisikia kwamba wazee wa mgodini wanagombania majoka mezani hucheka mpaka akohoe, lakini hapa kwetu theluji inakaa sana, na mtu hawezi kutazama televisheni hadi siku ya kufa kwake.

Tuko wanne. Mimi Roz Perko, mwenye nyumba na mwenye mdomo. Wayne Lahti, aliyekuwa fundi wa malori ya mgodini, ambaye kijitabu cha sheria za mchezo anakisoma kama wengine wanavyosoma Injili. Gordy Zupan, aliyeendesha mtambo wa kuchota mawe ya chuma. Yeye na Wayne walifanya kazi zamu moja maisha yao yote, na bado kila mmoja anamtafuta mwenzake pa kumchoma. Na Verna, mke wa Gordy, mpole kupindukia hadi ashike karata.

Kila mmoja wetu ana karata yake ya moyoni. Ya Gordy ni Mjane wa Mnara, mwanamke mwenye shela nyeusi, ameshika taa. Ukimtoa Mjane, mnara wako ulioanguka unasimama tena, na wa yule aliyekuangusha unakwenda chini. Gordy ana namna yake ya kumtoa: anamgonga mezani kwa kidole cha kati, halafu anasema, "Mama karudi nyumbani." Siku moja alimgonga kwa nguvu, kikombe kikapinduka, na toka siku hiyo Mjane ana doa la kahawa begani, kama amebeba mtoto aliyetoka kula chokoleti. Bahati halikupenya upande wa mgongo, la sivyo Wayne angemfukuza Mjane mezani kwa kosa la kutambulika akiwa kifudifudi. Hata hivyo alitaka anunuliwe mwingine. Gordy akakataa katakata. "Sasa ndiyo wangu," alisema. "Nimemtia chapa."

Basi baada ya Mwaka Mpya Wayne akaingia na boksi chini ya kwapa, viatu vimejaa theluji, uso unang'aa kama wa mtu aliyeposa. Ilikuwa nyongeza ya mchezo wetu: Malango ya Barafu. Karata mpya tele, na kipengele kipya kabisa. Kila baada ya zamu, baridi inaingia. Lazima ukumbuke umewasha mioto mingapi, unaihesabu kwa vigingi, na nani kazimiwa na nani.

Kwetu nyongeza haiingii hivihivi. Zipo zinazouharibu mchezo. Zinaongeza picha na kupunguza raha. Kwa hiyo tunaichanganya na za zamani, tunaijaribu Alhamisi mbili tatu, halafu tunapiga kura. Kila mtu anakuwa na karata mbili, Mkate na Joka, na anaweka moja kifudifudi. Mkate ni ndiyo. Joka ni hapana. Likitokea Joka moja tu, boksi linarudi lilikotoka, na ni mwiko kuuliza nani kaliweka. Kabla ya kura, karata mpya zinatengwa na za zamani ili boksi likikataliwa liondoke safi. Kazi hiyo ni ya Gordy. Za zamani anazijua zote kwa sura, kama wajukuu.

"Unaiogopa barafu, mzee?" Wayne alimuuliza siku ya kwanza.

"Mimi? Nimezaliwa Januari, kwenye nyumba isiyo na jiko. Gawa karata, fundi."

Akagawa. Na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha.

Gordy alisahau baridi. Mara ya kwanza tukacheka. Mara ya pili Wayne akamwambia, "Washa moto, babu, utakufa umekaa." Mara ya tatu nikamwona Gordy hatazami karata zake, anatazama mikono yetu, sisi tunafanya nini, ili afanye hivyo hivyo. Verna alikuwa akisogeza kigingi chake cha moto kwa makusudi, polepole, kama mwalimu anayemvujishia mwanafunzi jibu.

"Inarefusha mchezo bure," nilisema, nikimpima Wayne.

"Ndio kwanza inanoga, Roz! Zamani tulikuwa tunabomoana tu. Sasa kuna kufikiri."

"Nani kakwambia tunataka kufikiri?" alisema Gordy, na sote tukacheka, yeye kuliko wote.

Alhamisi iliyofuata Verna akanifuata kwenye sinki. Nilikuwa nakata keki ya jozi ya kukunja, ile aliyonifundisha mama mkwe wangu. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani iliyokwishakauka.

"Roz. Siku ya kura, weka Joka."

"Kwani vipi, shoga? Hupendi barafu?"

Akaendelea kufuta. Sebuleni, walikokwenda kunyoosha miguu, tuliwasikia wanaume wakitukanana kuhusu timu ya hoki.

"Tulikwenda Duluth kwa daktari," alisema. "Wakampa picha za kutazama, halafu wakazifunika, halafu wakamuuliza. Roz, alimdanganya daktari kwa utani. Daktari mwenyewe akacheka. Lakini hakukumbuka hata moja."

Nikaweka kisu chini.

"Mchezo wa zamani umo mikononi mwake," akasema. "Akikaa pale anakuwa Gordy. Ikiingia hii barafu kila Alhamisi, atajua kwamba hajui. Na akishajua hatakuja tena. Namfahamu. Alivyoacha kuendesha gari, hakusema neno. Alitundika funguo tu."

"Si aweke Joka mwenyewe?"

"Aonekane kamkimbia Wayne? Afadhali afe."

"Basi weka wewe."

"Mimi akinitazama usoni atajua ni mimi. Na atajua kwa nini. Wewe umeuza pombe miaka yote hiyo, uso wako hausemi kitu."

Kweli uso hausemi, lakini mdomo je? Mji mzima unajua ukitaka habari ifike haraka, mnong'oneze Roz. Nilimwahidi Verna, na wiki ile nzima nilitembea kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Nilikutana na mke wa mchungaji dukani, nikazungumza bei ya mayai. Akaniuliza kama naumwa.

Siku ya kura ikafika. Nje upepo ulikuwa unachuna ngozi. Tulimaliza mchezo wa mwisho wa majaribio; Wayne alishinda, na hakushangilia kama kawaida yake. Nilipangusa meza. Nikawapa kila mtu Mkate wake na Joka lake, na langu Joka nikaliweka juu, tayari.

"Haya, mwenye kutenga, tenga," nilisema.

Gordy akavuta rundo zima mbele yake. Alianza vizuri: mpya kushoto, za zamani kulia, kidole kikilambwa kila mara. Kisha mwendo ukapungua. Niliona karata ya zamani, Mganga wa Ziwa, ikienda kushoto. Verna akajifanya anakohoa. Wayne alikuwa anajimiminia kahawa.

Halafu Gordy akainua karata moja, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Hii sijapata kuiona," alisema.

Alikuwa ameshika Mjane wa Mnara.

Wayne akacheka. "Acha vituko vyako, mzee."

Gordy hakumsikia. Alikuwa anasoma maneno ya chini ya picha, midomo ikichezacheza. "Mnara wako ulioanguka unasimama tena... wa aliyekuangusha unaanguka mahali pake. Hee! Verna, umeiona hii? Hii ni hatari hii." Akageuza kwenye mwanga. "Lakini nani kaimwagia kahawa? Karata mpya kabisa, jamani. Watu wa nyumba hii hamna adabu."

Wayne alikuwa bado na tabasamu, anangoja mzaha uishe. Akamtazama Verna ili wacheke pamoja. Nikaliona tabasamu likimtoka usoni taratibu, likaacha mdomo wazi. Kahawa ilikuwa inajaa kikombeni na kufurika mezani, na Wayne, anayewagombeza watu kwa tone la maji karibu na karata, hakuona. Nilimshika mkono nikauinua.

"Mimi nilikuwa nashuku hili boksi," Gordy akatuambia, na sauti yake ilikuwa ya furaha, ile ya zamani. "Nilisema Wayne katuletea takataka. Nimekosea. Nyongeza yenye karata kama hii inafaa. Inafaa sana. Mimi nasema waziwazi, na mwiko wenu mtanisamehe: naweka Mkate." Akauweka, tena chali, sote tuuone, akamweka Mjane upande wa kushoto, juu kabisa, akamgonga mara moja kwa kidole cha kati.

Kidole kilikumbuka.

Zamu ya kuweka ikawa yetu. Nilikuwa na Joka mkononi na ahadi shingoni. Nikiliweka, boksi linarudi, na Mjane anaondoka nalo machoni mwa Gordy. Tutamweleza nini akimdai? Tumwambie: ni wako, ulimtia chapa mwenyewe, doa ni lako? Nisipoliweka, barafu inaingia Alhamisi zote zilizobaki. Nilimtazama Verna. Alikuwa anamtazama yule Mjane juu ya rundo la kushoto kama mtu anayetazama nyumba yake ikiuzwa. Tuliomba Joka ili kulinda vya zamani, na vya zamani vilikuwa vinatoka kwa mlango mwingine, sisi tumesimama tukilinda dirisha.

Verna akaweka karata yake kifudifudi. Nami nikaweka yangu. Wayne wa mwisho.

Nikafunua zile tatu. Mkate, Mkate, Mkate.

"Si niliwaambia!" alisema Gordy.

Alhamisi iliyofuata Wayne alikuja mapema, peke yake, kabla sijavua aproni. Hakuvua koti. Aliweka lile boksi la barafu mezani, akaegemea friji.

"Tangu lini?"

"Muulize Verna."

"Wewe unajua?"

Nikafungua kamba za aproni.

"Roz Perko anajua jambo na hajamwambia mtu," akasema. "Basi ni kweli." Akajikuna kidevu, akageukia dirisha. "Niliona ananyamaza. Mwaka jana wote. Zamani nikimbomolea mnara ananitukania ukoo. Sasa anatabasamu tu. Nikadhani mchezo umemchosha. Nikasema nimletee kipya kimwamshe. Kwa ajili yake, Roz. Mimi mwenyewe ningecheza ule wa zamani mpaka kaburini."

"Najua."

"Na mimi ndiye niliyemwambia atakufa amekaa."

Nikamkatia kipande cha keki, akakishika bila kula. Halafu akafungua boksi, akanionyesha. Juu ya kifuniko, picha ya malango yenye barafu. Ndani, karata zetu za zamani zote, alizoondoka nazo siku ya kura, zimepangwa. Za barafu alikuwa amezitoa, ziko gerejini kwake kwenye kopo la misumari.

"Ni udanganyifu," alisema yule mtu wa kanuni. "Hakuna kura iliyopitisha hivi."

"Hakuna."

"Nifanye?"

Mlango ukagongwa, Verna akaingia akimshika Gordy kiwiko, wakikung'uta theluji, na Wayne akafunga boksi.

Tukacheza. Baridi haikuingia, wala Gordy hakuuliza ilipo. Sijui kama hilo lilinifariji au lilinitisha. Katikati ya mchezo Wayne akabomoa mnara wa Gordy, kwa haki, kwa sababu Gordy si mtu wa kuachiwa. Gordy akatazama karata zake kwa muda. Akachomoa moja, akaisoma mpaka mwisho. Kisha akaigonga mezani kwa kidole cha kati.

Sote tukangoja aseme Mama karudi nyumbani.

"Hii ndiyo ile mpya niliyowaambia," Gordy alisema. "Angusha wako, fundi."

Wayne akauangusha mnara wake, jiwe moja moja, kama sheria inavyotaka. "Umenipata," alisema. "Mbwa wewe."

"Inafaa au haifai?"

"Inafaa, mzee."

Jioni iliingia mapema, kama kawaida ya Januari. Verna alitangulia kwenda kuwasha gari lipate joto. Gordy alibaki mlangoni akihangaika na vifungo vya koti, nami nikamfunga cha juu, kama nilivyowafunga wengi pale baa.

"Mama mwenye nyumba," akaniambia kwa sauti ya chini ili Wayne asisikie. "Lile boksi. Tunapiga kura lini?"

"Tulishapiga, Gordy."

"Ikawaje?"

"Lilipita."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa swichi ukutani kwenye chumba chake mwenyewe.

"Na mimi niliweka nini?"

"Mkate," nikasema. "Wa kwanza kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akashuka ngazi akishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Verna alimfungulia mlango wa gari kwa ndani. Nyuma yangu Wayne alikuwa anakusanya karata, na nilisikia mikono yake imesita kabla ya kulifunga boksi; naye alikuwa ametusikia.