Ile Yenye Tumbo

Mfuniko wa sufuria ulitetemeka gizani, maji ya uji yakianza kuchemka kabla hakujapambazuka. Sikuinuka. Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye simu, ambako programu ya shule yetu ya jioni ilinipa njia tatu za kujiandikisha: namba ya simu, barua pepe, au namba ya mwanafunzi. Usajili wa mtihani wa uhazili ungefungwa saa moja asubuhi. Atakayechelewa angoje mwaka mzima.

Nilichagua simu. Vidole vyangu, ambavyo mwalimu huvisifu kwa wepesi, vikaandika vyenyewe namba niliyoizoea tangu usichana. Ile niliyomwachia mama nilipobadili laini. Nilipogutuka nikakimbilia barua pepe. "Mwanafunzi huyu anasubiri kuthibitishwa kwa tarakimu zilizotumwa kwenye simu." Nikajaribu njia ya tatu. Jibu lile lile. Nilikuwa nimejifungia nje kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampigia mama.

"Umepata ujumbe wenye tarakimu sita?"

"Nimeufuta. Si wewe uliyenifundisha? Ujumbe wa namba ni wa wezi."

"Huu ni wangu, mama."

"Wezi nao husema hivyo hivyo."

Nikaomba tarakimu nyingine. Programu ikanionya kuwa hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Dakika tano tu.

"Umeingia," mama alisema. "Nne. Mbili. Sifuri. Saba. Moja. Halafu ile yenye tumbo."

"Sita au tisa?"

"Hizo mbili hunichanganya, mwanangu. Zinafanana kama mapacha."

"Mama, tumbo liko juu au chini?"

"Usinifokee. Ukinifokea nazidi kutoona."

Maneno makali yalinijaa mdomoni. Miaka miwili ya kusinzia juu ya dawati, mtoto amelala kando yangu, halafu yote yananing'inia kwenye tumbo la namba moja! Nikayameza. Siku ile nilipomkabidhi laini, nilikuwa na haraka ya kuwahi darasa langu. Nilimwonyesha mama kitufe cha kufutia, nikaondoka. Kusoma sikumfundisha.

Binti yangu, aliyeanza shule mwaka huu, alikuwa amesimama mlangoni akipikicha macho. Alinyoosha mkono. Nikampa simu bila kujua kwa nini, dakika moja ikiwa imebaki.

Akaiweka sikioni, akasema polepole, "Bibi, sita ina tumbo, tisa ina kichwa."