Simba Bahari wa Chumba cha Kufulia

Jumanne moja ya Machi 2009, saa nne asubuhi, Fébronie alishuka na kikapu chake hadi chumba cha kufulia cha jengo lao, kitongojini Vårby gård, Sweden, akamkuta simba bahari jike amelala mbele ya mashine namba tatu. Alitazama ubao wa zamu. Zamu ilikuwa yake, kwa hiyo alimwomba asogee. Simba bahari akasogea.

"Sili ameingiaje humu, Mama Bonheur?" aliuliza Herménégilde, Mrundi mtunza jengo, alipokuja kukagua mashine.

"Hii si sili, Baba Gilles. Ona, iko na masikio. Sili inajiburuta na tumbo, hii inatembea."

Kweli alitembea. Alipanda ngazi kwa mapezi yake manne hadi kwa Fébronie, ghorofa ya pili, akala kilo tatu za samaki, akajilaza kwenye sofa. Jioni alisimulia habari za kwao. Madume ni wanene na wana makelele. Kila mmoja hulinda kipande chake cha ufuko na majike yake, na kwa wivu hushinda njaa wiki nzima. Fébronie alicheka, kwa sababu alikuwa na shemeji wa namna hiyo. Mama humnyonyesha mtoto siku chache, kisha huenda kuvua mbali, kwenye papa na hatari zote. Akirudi hukuta mamia ya watoto wanalia ufukweni. Huita. Wa kwake huitika. Wananusana, basi, wamemaliza.

"Na makaratasi?" aliuliza Fébronie.

Simba bahari hakuelewa swali.

Fébronie alikuwa na sababu ya kuuliza. Alipofika Sweden miaka minne nyuma, aliulizwa ana watoto wangapi. Kwao Uvira, bibi yake alimfundisha kwamba mama hahesabu watoto wake mbele ya wageni. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Akajibu kwa adabu kwamba Mungu hakumnyima. Karani akaandika sifuri. Tangu hapo binti yake Bonheur, aliyeachwa kwa mama mdogo akiwa na miaka sita, ametimiza kumi, na kila ombi la kumleta lilijibiwa kwa sifuri ile ile. Jambo hilo lilimuuma Fébronie kila siku, hata siku alizocheka.

Alhamisi wakapanda treni ya chini ya ardhi, yeye na simba bahari, wakaenda ofisi ya vibali. Wakachukua namba, wakangoja zamu yao. Karani wa siku hiyo, mwanamke mpole mwenye sweta ya kijani, alimletea simba bahari beseni la maji. Fébronie akaweka simu mezani na kuongeza sauti. Kule Uvira wasichana saba wa nyumba ya mama mdogo, Bonheur akiwemo, walijipanga, kila mmoja akasema, "Mama, habari ya huko?" Wanne wakapita. Wa tano aliposema, simba bahari aliinua kichwa na kubandika pua shingoni mwa Fébronie.

Karani aliandika yote. Macho yake yalilowa kidogo.

"Mimi nimeamini," alisema. "Ila kwenye faili ni sifuri."

Mei, mtoto wa simba bahari alifika kwa njia ya ziwa lililo karibu na jengo. Mama yake aliita mara moja tu kutoka kwenye roshani, mtoto akaitika kutoka ufukweni, wakanusana mlangoni. Herménégilde aliwapa kufuli lao la ubao wa zamu, la kushikia saa yao ya kufua. Jirani mmoja alibandika karatasi ukutani: tafadhali, baada ya kufua, ondoeni manyoya kwenye kichujio. Juni ofisi ikawasajili wote wawili, mama na mtoto, na kuwatakia makazi mema.

"Mama Bonheur, kuna barua yako pia," alisema Herménégilde.

Barua ilisema kwamba Fébronie hana mtoto.

Jumapili, baada ya misa, alishuka kufua, kisha akapanda kupiga simu. Simba bahari wawili walimpisha kwenye sofa.

"Bonheur."

"Niko hapa, mama."

Fébronie alisogeza simu puani, akainusa muda mrefu. Ilinukia sabuni ya kufulia.